Kuku walikuwa na kiu, na ufunguo ulikuwa kwangu

(Ametuandikia msomaji wetu wa Rungwe. Jina tumelificha kama alivyoomba.)

Admin, habari za kazi. Naomba jina langu lisionekane kabisa, maana mume wangu anafuatilia ukurasa huu na mawifi zangu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tukuyu, pande za Makandana. Nina saluni ndogo chumba cha mbele hapahapa nyumbani. Mume wangu ni dereva wa lori la parachichi, anarudi mwisho wa wiki.

Mama mkwe alipofariki tulimchukua baba mkwe kutoka Kisondela, tukampa chumba cha uani. Msio Wanyakyusa naomba mnielewe hapa. Kwa wazee wetu, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala hamsemeshi. Ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini mzee aliishikilia, nami nikamfuata. Nikitokea uani anakohoa na kugeukia ukutani, napita na khanga yangu kichwani. Akiwa na shida anawaambia kuku. "Kuku jamani, huku chumvi imeisha." Nasikia jikoni, napeleka chumvi, naiweka mlangoni. Nikishaondoka nasikia, "Kuku, ndaga fijo," yaani asanteni sana. Tuliishi hivyo miaka minne, na niseme ukweli, hata baba yangu mzazi hajawahi kunishukuru mara nyingi hivyo.

Balaa lilianza zilipokuja mita. Zamani tulilipa kiasi kimoja kila mwezi, utumie usitumie. Watu wa maji wakatufungia mita, na bili ikaja na majitaka humohumo, yaani maji unayalipia yakiingia na unayalipia tena yakitoka. Nilipoiona bili ya kwanza nilikaa chini. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye bomba la uani. Mzee alikuwa na tabia ya kuliacha likitiririka kidogo kwenye beseni la kuku. Kwao Kisondela maji yanatoka kwenye chemchemi, yanapita usiku na mchana, hakuna anayeyafunga. Nikamtuma mume wangu aongee naye, akarudi anacheka: "Mzee anasema maji yakifungwa yanaoza. Mwache tu, mke wangu." Nilikasirika sana. Niliona mimi ndiye ninayehangaika na nyumba, wao wanafanya utani.

Jumatatu yake, mume wangu akiwa ameshaondoka na lori, nikanunua kufuli, nikafunga koki ya maji iliyo ndani ya kisanduku cha mita, na kisanduku chenyewe nikakitia kufuli. Maji ya saluni nikajaza kwenye madumu, na kila asubuhi nikawa namwekea mzee ndoo moja mlangoni. Jumatano jioni nikakuta ndoo yote kaimwaga kwenye beseni la kuku. Alhamisi nikaamka na hasira zangu, sikumwekea kitu. Nikiwa nafunga mlango wa saluni niende Mbeya kununua dawa za nywele, nikamsikia: "Kuku jamani, leo tuna kiu." Nilisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, kaeni na kiu yenu. Nikaondoka na ufunguo kwenye pochi.

Ilikuwa kiangazi, hata mapipa ya mvua yalikuwa matupu. Mzee akachukua ndoo akateremka kijitoni nyuma ya migomba, akateleza. Majirani ndio waliomtoa. Nilipigiwa simu nikiwa njiani narudi. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Kabla ya kwenda hospitali nilipita nyumbani kwanza, nikatoa kufuli, nikalificha kwenye boksi la rola za nywele.

Hospitali nilisimama nyuma ya pazia la kitanda, kwa ile heshima yetu. Nikamsikia mume wangu, aliyekuwa ameliacha lori njiani na kurudi, akiuliza, "Baba, ulifuata nini kijitoni na bomba lipo?" Mzee akajibu, "Maji yalikatika, mwanangu." Alijua. Lile kufuli alikuwa analiona kila akitoka chumbani kwake. Kisha akapandisha sauti: "Kuku wamekunywa?" Mume wangu akadhani baba yake anaweweseka, akaanza kulia. Mimi nilijua anayeulizwa ni nani. Ningeweza kujibu, hata kwa kuliambia pazia. Nilinyamaza. Siku ya tatu akafariki.

Bili ya mwezi uliofuata imekuja, na imepungua kidogo tu. Kumbe maji yalikuwa yanaishia kwangu, kwenye vichwa vya wateja. Niliishika ile karatasi nikalia mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa tena.

Sasa Jumamosi hii ukoo unakutana Kisondela. Mume wangu ameandika barua ya kuwashtaki watu wa maji, kwamba walikata maji bila taarifa wakamuua baba yake, na anataka kuisoma mbele ya ndugu zake wote. Na dada anayesoma mita mtaani kwetu, mume wangu ameshamfukuza getini kwa matusi. Masikini alisimama tu na daftari lake, haelewi amekosa nini, na mimi niko dirishani nachungulia. Mzee alisema uongo ili anisitiri, na uongo wenyewe unaenda kumchoma mtu asiyehusika. Nikisema, naiona ndoa yangu inaondoka, na watoto wangu pamoja nayo.

Kila asubuhi nafungua bomba, najaza beseni, nawasimulia kuku kila kitu kama ninavyowasimulia nyinyi. Wanakunywa tu. Ndugu zangu, nishaurini kabla Jumamosi haijafika. Nimwambie mume wangu? Na kama ni kumwambia naanzia wapi, mimi niliyeshindwa kujibu swali la maneno mawili?