Kwenda Kwenye Mabembea na Mtani Asiyejibu

Shemeji yangu alinipigia simu Ramadhani ikielekea mwisho. Alitaka kujua watu wanafanyaje ili wakienda kwenye kiwanja cha mabembea siku isiwaharibikie. Aliniuliza mimi kwa sababu nilifanya kazi pale msimu mzima, nikisafisha bwawa na kuendesha kile kigari moshi cha watoto, kabla sijachoka na kuhamia Dumila kupakia vitunguu.

"Shemeji, nataka siku moja tu iende sawa," alisema. "Moja."

Nilijua kwa nini. Alimwoa dada yangu mwaka uliotangulia, na dada alikuwa tayari na binti aliyekuwa anaanza darasa la kwanza. Baba wa binti alikwenda kutafuta maisha na hakurudi. Shemeji ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mitambo kwenye mashamba ya miwa. Msimu wa kukata miwa ulikuwa karibu kuanza na kambini alikuwa amepewa nyumba. Dada alimwambia wazi: mtoto akikuzoea tunahamia wote, asipokuzoea utakuwa unatukuta hapa kwa mama kila mwisho wa wiki.

Mtoto hakuwa amemzoea. Adabu alikuwa nayo. Alimwamkia asubuhi, alipokea zawadi kwa mikono miwili, kisha alikwenda kukaa mbali. Mwaka mzima hakuwahi kumshika mkono.

Basi nikampa shemeji yale ninayoyajua. Msiende Idi mosi, nilimwambia. Siku hiyo watoto wa mji mzima wamevaa nguo mpya, na mtoto mwenye nguo mpya hachezi, analindwa. Utasikia "Utachafuka!" kutoka kila upande mpaka jioni. Nendeni Idi ikishapita siku mbili tatu, nguo zimeshachafuka zenyewe.

Fikeni asubuhi, lakini msikimbilie bwawa. Maji ya pale yanatoka mlimani kwa bomba, na mpaka jua liwe juu yanauma. Nimeona watoto wakitoka humo midomo imewageuka rangi, kisha siku nzima wanabaki wamejifunika kanga na hawataki kitu. Anzeni na vitu vikavu. Mtelezo mkubwa nao una tabia yake: pampu isipowashwa unakuwa mkavu, na jua likiupiga unachoma mapaja. Ulizeni kwanza kama pampu inafanya kazi, kisha ndiyo mpange foleni.

Ukiingia langoni usisimame. Kila anayeingia husimama kwenye farasi wa kuzunguka kwa sababu ndio wa kwanza kuonekana, na huku nyuma chini ya miti bembea zinaning'inia tupu. Pitilizeni hadi mwisho, mrudi polepole kuelekea lango wakati wenzenu wanakuja. Na usimwahidi mtoto kitu kimoja kwa jina. Umeme ukikatika jenereta la pale linazungusha farasi tu, na hapo utaonekana mwongo. Mwambie tunakwenda kuona kuna nini.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na mama?"

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Amesema na yeye anakuja."

Hapo nilielewa kwamba na mimi nitakwenda. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno lake. Bibi akishuka mlimani kwa ajili ya safari ya mjukuu, mjomba hawezi kubaki Dumila akipakia vitunguu.

Tulikutana nje ya lango, upande ule wa barabara ya kwenda Kingolwira. Mama alifika kwa bodaboda akiwa amekumbatia sufuria ya ndizi na kuku, imefungwa kwa kitambaa. Nilikuwa nimeshawaonya kwamba chakula cha nje hakiingii, walinzi wanafungua kila mfuko, na kwamba wenye akili wanakula kwanza chini ya miti iliyo ng'ambo ya barabara. Mtoto aliyeshiba hasumbui mbele ya vibanda vya chipsi. Tukatandika mkeka.

"Shikamoo mama," shemeji alisema, ameinama.

"Marahaba. Mnyamwezi, umekuja kwa miguu? Maana nyie mkiona gari mnauliza mzigo uko wapi mbebe."

Mimi na dada tulicheka. Shemeji alitabasamu akitazama mkeka. "Nimekuja na baiskeli, mama."

"Baiskeli itabaki. Wewe tutakurudisha Tabora kwenye behewa la mizigo, wewe na michembe yako ya viazi vikavu."

"Ndiyo mama."

"Na safari hii hatutanii. Msimu ukianza tu, unarudi."

"Ndiyo mama."

Mtoto alikuwa ananyonya mfupa wa kuku huku akiwatazama.

Mtu wa kwetu haoni ajabu hapo. Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa mlimani utani huo ulianzaje, akaniambia ni tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita huku na mizigo kichwani. Mzee mwingine akaniambia ni vita. Vyovyote ilivyokuwa, mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya watu na ukamkaribisha chakula. Lakini huyu alikuwa pia mkwe, na mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Mama aliamua kwamba utani ulikuwepo kabla ya ndoa, kwa hiyo unatangulia. Shemeji alilelewa kutomtazama mama mkwe machoni, kwa hiyo kila alichorushiwa alikimeza.

Tuliingia. Bembea za nyuma tulizikuta tupu kama nilivyosema, na shemeji alinitazama kwa shukrani kana kwamba nilizitengeneza mimi. Alimsukuma mtoto kwenye bembea. Mtoto alisema ahsante, akashuka, akaja kwangu. Kwenye kigari moshi viti ni vya wawili wawili; akavuta shati langu. Kwenye vile vikombe vinavyozunguka akavuta shati langu tena. Shemeji alifuata nyuma na taulo, mkoba na viatu vya watu wote. Kila nilipogeuka alikuwa anatabasamu, na kila mara tabasamu lilikuwa dogo zaidi.

Jua lilipokuwa juu tulikwenda kwenye mtelezo. Pampu ilikuwa inafanya kazi. Mtoto wa kimo chake haruhusiwi kuteleza peke yake, lazima akae mbele ya mtu mzima. Msimamizi alikuwa kijana ambaye zamani tulisafisha bwawa pamoja.

"Bi mdogo, unapanda na nani?" akamuuliza. "Wenzako wanasubiri."

Mtoto akanionyesha mimi.

"Panda na baba," nilisema. "Mimi sina nguo ya kubadilisha."

Akatikisa kichwa na kutoka kwenye foleni. Shemeji alikuwa ameshavua viatu. Akaanza kuvivaa tena taratibu, na dada, aliyekuwa amekaa na mama kwenye kivuli cha kibanda cha pampu, akageuza uso akatazama bwawa. Nilijua anafikiria ile nyumba ya kambini.

Nikaketi na mtoto kwenye ukingo wa saruji.

"Unamwogopa?"

"Simwogopi."

"Anakuchapa?"

"Hapana!" Alinishangaa. "Ananichongea penseli."

"Sasa?"

"Si anarudishwa?"

"Anarudishwa wapi?"

"Tabora. Kwenye behewa. Bibi kasema msimu ukianza." Alichezesha miguu. "Nikimzoea halafu akirudishwa, mjomba, inakuwaje?"

Mimi niliacha shule darasa la sita na tangu hapo nimekuwa nikiuliza watu maswali, lakini hili lilikuwa halijanipitia. Utani hakuna anayekufundisha. Mimi nilijifunza kwa kumtazama babu na Mngoni mmoja aliyekuwa akituletea dagaa. Wakikutana walitukanana mpaka mbwa wanabweka, kisha walikula sahani moja. Niliona huyu anarusha na yule anarusha, nikaelewa ni mchezo. Huyu mtoto kwa mwaka mzima alimwona bibi anarusha na mwenzake ameinamisha kichwa. Kwake hayo yalikuwa maneno ya kweli, na mwanamume mwingine alikuwa anajiandaa kuondoka.

Nilikwenda kwenye kibanda cha pampu nikamwambia mama. Nilimwambia vilevile mtoto alivyosema, sikuongeza kitu.

Mama alivuta mtandio wake ukakaa sawa. "Kasema hivyo? Akimzoea halafu?"

"Ndiyo mama."

"Na huyu bwana ananiitikia ndiyo mama, ndiyo mama." Hakucheka. Akapaza sauti. "Mnyamwezi! Njoo hapa! Na mtoto aje."

Shemeji alikuja na taulo begani. Mtoto alisimama nyuma yangu.

"Wewe mtani gani hujibu?"

"Mama, wewe ni mkwe wangu."

"Ukwe tumeuacha nyumbani. Hapa tumekuja kuogelea. Nijibu, mjukuu wangu asikie."

Shemeji alimtazama dada. Dada alikuwa ameuma pindo la kanga na hakumsaidia. Niliamini atatuomba radhi na kuondoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bado akitazama chini:

"Mama, mimi Tabora siwezi kurudi."

"Kwa nini usirudi?"

"Nikirudi, nani atawaokotea shamba lenu likidondoka bondeni?"

Mama alifungua mdomo. "Shamba langu lidondoke?"

"Si mnalima ukutani? Juzi nimeona muhogo wako, mama. Majani yako kwako, mizizi imetokeza kwa jirani wa chini. Wewe unapalilia, jirani anachemsha."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta wa kibanda. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. "Mwizi wewe!" alisema, akijifuta macho. "Kumbe ulikuwa unachungulia shamba langu! Mwizi wa mihogo!" Akampa mkono, wakagonganisha viganja kama vijana wa kijiweni.

"Bibi," mtoto alisema, "hujakasirika?"

"Nimkasirikie mtani wangu? Huyu siku nikifa ndiye atakayelizuia jeneza langu mlangoni na kuwachekesha nyie mnaolia."

"Kwa hiyo harudishwi?"

Mama aliacha kucheka. Akamvuta mtoto akamsimamisha katikati ya magoti yake. "Harudi popote. Bibi alikuwa anatania. Umesikia alivyonijibu? Ndivyo watani wanavyofanya. Na wewe ukitaka, mtanie."

Mtoto alichomoka magotini kwa bibi. Alikwenda akasimama peke yake karibu na ngazi za mtelezo, anatutazama. Nilitaka kumwambia shemeji asimfuate, lakini hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameketi kwenye saruji anakunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Wewe Mnyamwezi!" mtoto aliita.

"We mtoto! Adabu!" dada alisema.

"Mwache," mama akasema.

"Wewe Mnyamwezi, unaogopa maji!"

Shemeji aliinua kichwa. "Mimi naogopa maji? Nyie ndio mnaogopa tambarare. Mluguru akifika penye ardhi iliyonyooka anatafuta pa kushika asianguke."

Mtoto aliziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka kupitia vidole. Alimtazama bibi kuona kama inaruhusiwa. Bibi alikuwa anacheka. Ndipo akanyoosha mkono, akitazama pembeni, kama mtu anayeomba kitu kidogo tu.

"Basi nishike," alisema. "Ngazi zina maji."

Walipanda. Walipokuwa juu sikumwona mtoto, kichwa cha shemeji tu. Msimamizi alipiga filimbi, wakashuka. Shemeji aliingia majini na shati lake la kutokea, akazama, akaibuka akikohoa, na mtoto alikuwa amemng'ang'ania shingoni anapiga kelele kwamba Mnyamwezi amekunywa bwawa. Wakapanda tena. Mara ya ngapi sijui, niliacha kutazama, nikaenda kuzungumza na msimamizi kuhusu pampu mpya.

Niliwatoa mapema, kabla watu wote hawajamiminika langoni. Bodaboda wakati huo ni wengi na hawana kiburi. Mama alipandishwa kwanza na sufuria yake. Dada alibaki nyuma na mimi.

"Kaka," alisema, "ile nyumba ya kambini alisema ina vyumba vingapi?"

"Muulize mwenyewe."

Alikwenda. Shemeji alikuwa kando ya barabara anakamua shati lake, na mtoto ameshika upande wa pili, anazungusha kwa nguvu zake zote.