Sahani Iliyorudi kwa Kadzo

Harufu ya shira ya iliki ikinijia, hata niwe nimepanga foleni zahanati, huwa mtoto tena. Huwa nimechuchumaa jikoni kwa bibi yangu, Malindi, nangoja kupewa mwiko niulambe. Wiki hii imenijia sana. Bibi tumemzika juzi, na majirani hawajaacha kupika.

Miaka ya themanini, nilipokuwa shule ya msingi, bibi alikuwa mjane aliyetoka visiwani huko kaskazini. Nyumba yake ya makuti ilikuwa na vyumba viwili na wageni wasiokwisha. Msichana akikutwa amelala baraza ya duka lililofungwa, au akifukuzwa kazi ya nyumba na hana pa kwenda, wanawake wa sokoni walisema, mpelekeni kwa Bi Mwanaisha. Kila alipokuja mpya nilinuna kidogo, kwa sababu mkeka uliogawanywa ulikuwa wangu.

Kadzo alikuja siku chache kabla ya Ramadhani. Alikuwa mrefu, na alifua kila kitu alichokiona, hata nguo zilizokwisha fuliwa. Mamake alikuwa amepanga chumba Mtwapa. Alipofariki, mwenye nyumba alikipangisha kwa mtu mwingine kabla matanga hayajaisha. Kadzo akaja Malindi kutafuta kazi hotelini, akaikosa, akawa analala nje ya soko.

Bibi hakutaka kumtafutia bwana wa kumtumikia. Alitaka Kadzo apike kaimati za shira, auze barazani kwetu alasiri za mfungo, mpaka aweze kukaa chumbani kwake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu watu hawakununua chakula cha mkono wasioujua. Sharti kwanza waseme, aa, yule, mtoto wa fulani. Kadzo hakuwa mtoto wa fulani. Na kabla hajakanda hata unga wa kwanza, akaharibu.

Jirani yetu Mama Zuhura, ambaye akisema jambo asubuhi basi adhuhuri mtaa mzima wanalo, alituletea viazi vya nazi. Kesho yake Kadzo aliichukua ile sahani ya bati, akaisugua kwa jivu mpaka ikang'aa, akairudisha. Tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, utatia hata ndimu mbili. Kadzo alikulia vyumba vya kupanga, kila mtu na sufuria yake na kufuli yake, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama Zuhura hakumfokea. Aliitazama sahani, akamtazama Kadzo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "Mtu mwenye kwao angejua."

Kadzo alirudi akaanza kufunga nguo zake. Alisema heri akalale sokoni asikojulikana kuliko kujulikana namna hii. Bibi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nilingoja amsomee adabu, maana mimi nilikuwa nimesomewa kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Hukukosa adabu, mwanangu," alisema. "Ulikosa cha kutia. Weka hicho kifurushi, tukande unga."

Kaimati za kwanza zilikuwa kokoto. Paka wetu alizinusa akaenda zake. Za siku ya pili zilitoka duara, laini, na bibi akazipanga kwenye sahani yake mwenyewe ya kulia, ile yenye ukingo wa buluu, akaifunika kwa kawa.

"Utasema zatoka kwa nani?"

"Kwa Bi Mwanaisha."

"La. Mimi sijapika."

Nilimfuata Kadzo kwa sababu nilikatazwa. Pale mlangoni alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akasema, "Hizi zatoka kwa Kadzo." Mama Zuhura aliitikia marahaba, akaipokea sahani, akaingia ndani.

Kesho yake sahani haikurudi. Wala keshokutwa. Bibi alifuturu kwenye kifuniko cha sufuria bila kulalamika. Kadzo alikuwa akiutazama mlango, na kifurushi chake kilikuwa bado pembeni hakijafunguliwa. Isiporudi sahani, hakuna atakayenunua, na yeye hatakaa. Hilo hata mimi nililijua.

Jioni moja, karibu na magharibi, tukasikia hodi. Alikuwa Mama Zuhura mwenyewe, hakutuma mtoto. Nilinyoosha mikono kama nilivyozoea. Akaiinua sahani juu nisiifikie.

"Si yako hii. Kadzo yuko?"

Kadzo alitoka akijifuta mikono kwenye leso. Sahani ilikuwa imejaa sambusa.

"Kaimati zako umezizidisha hamira," Mama Zuhura alimwambia, "lakini watoto wamezimaliza. Kesho niwekee, nina wageni, nitanunua." Alipogeuka kuondoka alisimama kidogo. "Sahani nimekawia nayo. Sikuwa na kitu kizuri cha kutia."

Magharibi ilipoadhiniwa Kadzo hakula. Aliishika ile sahani mapajani, akilia. Mimi nilidhani analilia sambusa, kwa jinsi nilivyokuwa nikizimaliza.

Kifurushi kilifunguliwa usiku ule. Kabla ya mfungo uliofuata Kadzo alikuwa na chumba chake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baadaye alihamia Mombasa, na huko ana jiko lake la kupikia watu. Wasichana wanaolala vibarazani huwachukua, akawafundisha kazi.

Zamani niliamini wema wa bibi ulikuwa ule mkeka na lile paa. Nimechelewa kuelewa kwamba paa alilitoa kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Alichokitafuta ni jirani wa kusimama mlangoni na kumwulizia yule msichana kwa jina lake.

Kadzo alikuja mazikoni na wasichana wake, wakatupikia. Walipoondoka, mdogo wao alinikabidhi sahani iliyofunikwa. "Hii yatoka kwa Neema," alisema, macho chini.

Leo nimekanda unga. Kesho nakwenda Mombasa, na nikifika mlangoni nitauliza, Neema yuko?