Madume Waliofungwa Sufu

Shemeji yangu Dootbek anachunga madume. Si kondoo wote, madume tu. Kila nyumba hapa kijijini ina dume lake, na majira ya joto yakianza wote wanakusanywa wakae kwake, mbali na majike, maana wakiachiwa ovyo vitoto vitazaliwa katikati ya theluji. Kwa usalama zaidi kila dume anafungwa kuyok. Ni kipande cha sufu iliyoshindiliwa ikawa ngumu, kinaning'inia chini ya tumbo kama aproni ya mpishi. Dume atapanda anavyotaka, hafiki popote. Ukiwaona wanavyohangaika utacheka mpaka mbavu ziume.

Mwaka juzi kuyok moja ilifunguka. Vitoto vikaja kwenye baridi kali, vikaganda kabla mama zao hawajavilamba. Watu walimsema Dootbek mpaka akawa anapita nyuma ya nyumba kama mwizi. Ni shemeji yangu na nampenda, lakini ni mwoga, acheni niseme. Anaogopa mbwa, anaogopa mama yake, anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa mbwa mwitu. Basi mwaka uliofuata akashona kuyok mpya, sufu mbili mbili, akazikaza kwa mishipi hata upepo usipite. Na kwa kuwa mama yake alikuwa anaumwa miguu, hakuwapandisha madume mlimani kwenye ubaridi. Waliishi bondeni kando ya mto, kwenye jua la kuchoma, na mablanketi yao yamewabana huko chini.

Wakati huohuo nyumbani kwake kulikuwa na hofu nyingine. Mkewe Anarkul alikuwa ameolewa miaka sita, hana mtoto. Mama mkwe wetu, Bubusara, hakuficha. Mgeni akiingia tu, chai haijamiminwa, ameshaanza:

"Huyu kala nyama yangu miaka sita, hata kilio cha kitoto sijakisikia. Theluji ya kwanza ikianguka, kaka zake waje wamchukue. Nitamtafutia mwanangu mwingine."

Anarkul anasikia, anamimina chai. Dootbek anasikia, anaangalia bakuli lake. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Yule msichana alikunywa kila jani aliloambiwa, akalala kando ya chemchemi wanakoenda watu kuombea mtoto hadi akapata kikohozi. Kila mwezi nilijua kwa macho yake tu kwamba imeshindikana tena. Vuli ilipokaribia akawa anaamka alfajiri kuangalia mlima kama umeshaanza kuwa mweupe.

Siku ya kuwavua madume kuyok ikafika. Ni siku ya furaha kwetu, tunakaanga maandazi, tunataniana maneno yasiyoandikika. Madume walikimbilia majike kama askari waliopewa likizo. Baada ya wiki mbili na kidogo, majike wote wakaanza tena kutaka madume. Wote! Wakapandwa tena, na mimba hakuna. Hapo kijiji kikaingiwa na hofu, maana bila wana-kondoo tutakula nini mwakani?

Tukamwita daktari wa mifugo, mama mnene anayeitwa Sonunbu, asiyemwonea mtu haya. Akachukua mbegu za madume, akaziweka kwenye hadubini yake juu ya boneti ya gari.

"Zimekufa," akasema. "Nani alishona haya majoho?"

Dootbek akainua mkono nusu.

"Wewe bwana, umewapika! Makende yanataka ubaridi kuliko mwili wenyewe. Kwa nini unadhani Mungu aliyaning'iniza nje? Ungewavalisha kitu chepesi kinachopitisha hewa, ungewapandisha mlimani. Sasa waacheni kivulini, wapumzike. Miezi miwili hivi mbegu mpya zitakuwa zimeshaiva."

Watu wakashusha pumzi. Ndipo jirani yetu Jumagul, mdomo wake haujawahi kupata likizo, akapaza sauti: "Basi na Dootbek naye avuliwe kuyok yake, labda tutapata mjukuu!"

Watu wakaangua kicheko. Anarkul alikuwa amesimama pale na ndoo, hakucheka. Daktari naye hakucheka. Akamwangalia Dootbek.

"Utani huo una maana," akasema. "Kwa watu pia dume huweza kuwa ndiye mgonjwa. Joto, homa kali, pombe nyingi, sigara. Wewe ukiwa kijana uliwahi kuugua matumbwitumbwi?"

Nilimwona Dootbek akibadilika rangi.

Jioni akanifuata zizini. "Shemeji, niliugua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, shingo ikavimba, halafu na huku chini. Maumivu yale sitayasahau. Mama alinikataza nisimwambie mtu."

"Sasa unangoja nini? Nenda hospitali ukapimwe."

"Naogopa."

"Mkeo je, yeye haogopi? Angalia mlima ule!"

Akaniomba niende naye. Loo, mimi! Nikaenda. Tulipofika hospitali ya mjini nesi akampa kikopo na kumwonyesha mlango, naye akakishika kama amepewa nyoka. Nikaangalia dirishani nisimwongezee aibu. Tukangoja kwenye benchi, ananiuliza kila mara, "Shemeji, unadhani?" Mimi sikudhani kitu. Nilikuwa namwomba Mungu, na hata sijui nilikuwa naomba nini, maana jibu lolote lingemuumiza mtu.

Daktari wa hospitali hakuzungusha. Hakuna mbegu hata moja. Ugonjwa ule wa ujanani uliunguza kila kitu, na hali hii si ya kungoja miezi miwili kama ya madume. Ya madume huisha. Ya huyu haitaisha.

Njiani Dootbek hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Akijua, ataniacha?"

Tulipofika, theluji ilikuwa imeshaanguka na kaka zake Anarkul wamefika, farasi wao wamefungwa nje. Bubusara ameketi mahali pake pa heshima, Anarkul anafungasha nguo zake kwenye shuka. Dootbek akasimama mlangoni, viatu hajavua. Nikajua atakimbia. Nilisimama nyuma yake makusudi, nikaziba njia.

"Mama, tatizo si yeye," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nimepimwa. Ni mimi."

"Nyamaza!" Bubusara akafoka. "Kaka zake wanasikia!"

"Wasikie. Ni ule ugonjwa."

"Nimesema nyamaza! Kwani mimi sijui? Mganga wa zahanati aliniambia ulipokuwa unaugua, akasema huenda usizae kamwe. Nani angekupa binti yake? Niambie, nani?"

Kisha akasikia alichosema. Akaweka kiganja mdomoni, lakini neno limeshatoka.

Miaka sita! Majani yale yote, chemchemi zile, matusi mbele ya wageni, na kumbe mama alijua. Nilitaka kumrukia, wallahi. Anarkul akafunga fundo la shuka lake taratibu, akasimama.

"Dootbek, wewe umeogopa lakini umesema," akamwambia. "Mambo yetu tutayaongea. Lakini leo silali hapa. Mama, ulinisema nyumba kwa nyumba. Siku utakapopita nyumba zilezile ukasema ulichosema sasa hivi, nitarudi. Usipopita, sirudi."

Akapanda farasi na kaka zake. Dootbek alibaki uani kichwa wazi, theluji inamwangukia, hadi nikaenda kumvuta kwa mkono.

Siku zikapita. Madume wakapona, majike wakashika mimba, na kijiji kikaanza tena kucheka. Nyumbani kwa Bubusara hakuna aliyecheka. Dootbek alipika mwenyewe, alikula kidogo, kila mlio wa kwato ulimtoa nje mbio. Mama yake alikuwa anamwangalia. Nadhani ndipo alipoanza kuogopa kweli, kwamba baada ya mkwe atampoteza na mwana pia.

Asubuhi moja nikasikia mlango wangu unagongwa. Bubusara hajawahi kugonga mlango wa mtu tangu nimjue. Alikuwa amevaa mabuti, amejifunga shali yake nzuri, na midomo imemkauka.

"Kadicha," akasema, "mwanangu ndiye asiye na mbegu. Nilijua kabla sijamwoza. Yule binti nilimsingizia."

Maneno yote niliyomwekea miezi ile yakanipotea. Nikamwambia aingie kwanza, akae, anywe chai.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Nikikaa sitainuka. Zimebaki nyumba zote zile."