Nyumba Iliyochaguliwa kwa Kibao

Hebu mwone anavyoingia mjini. Begi moja begani, jingine mkononi, kofia imesukumwa nyuma ya utosi, na macho yake hayako njiani wala kwa mkewe. Yako juu, kwenye vibao. Hatua kumi nyuma yake anakuja mke, goti la kulia limefungwa bendeji, anakanyaga mawe ya barabara moja moja kama anayeyahesabu. Wameshuka kwenye treni saa tatu. Sasa saa saba inagonga, na bado hawana pa kulala.

Watu humwita Herufi, na jina hilo ni halali yake. Miaka thelathini na mitano alichora vibao kwa brashi: vya maduka, vya zahanati, vya barabara. Mji huu mkongwe una lugha mbili na kila kibao lazima kiandikwe kwa zote, kwa hiyo kazi nyingi zilimfuata hadi karakanani kwake, mwendo wa saa sita kwa treni. Lugha ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili, ya wenyeji wa mji wa kale, hakuijua hata chembe. Hiyo ilikuwa ya mkewe, aliyeipata kwa mama yake mzazi. Jioni mke alikagua maandishi, akatia penseli palipokosewa, na mume akanakili kama anayechora maua. Mara moja mke alimshauri ajifunze. Akajibu, "Ya nini, na wewe upo?"

Safari hii lakini haikuwa ya vibao. Mama wa mke alishafariki, na kwa upande ule alibaki mama mdogo peke yake, bibi mzee sana, kwenye kichochoro karibu na lango la kale. Binti anayemtunza alikuwa amepiga simu: akili ya bibi inakaa sawa asubuhi tu, hadi saa nne hivi, baada ya hapo hamjui mtu. Mje haraka. Wakapanga kulala siku tatu, yaani asubuhi tatu. Mke aliomba kitu kimoja tu, nyumba ya wageni ya karibu isiyo na ngazi.

Na waliipata, tena ya kwanza kabisa. Ilikuwa pembeni mwa lango, chumba cha chini, kitanda kipana, na dada wa mapokezi aliyezungumza lugha zote mbili bila kukwama. Mke alishaketi na kuvua viatu. Herufi akatoka nje kuangalia kibao, akarudi uso umekunjamana. Kilikuwa cha plastiki, kimechapwa na mashine, herufi zimevutwa zikajaa nafasi kama suruali ya mtu mnene. Watu wanaovuta herufi namna ile, akasema, watavuta na mengine. Mke akavaa viatu.

Ya pili ilikataliwa kwa sababu lugha ya mji wa kale ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo, chini, kama mtu aliyealikwa kwa kulazimishwa. Mke akamwambia hiyo ni lugha ya mama yake, na yeye mwenyewe hajaudhika. Herufi akasema ameudhika kwa niaba yake.

Mbele ya nyumba ya tatu alisimama. Kibao cha mbao, herufi za dhahabu zenye kivuli cha kahawia, lugha mbili kwa kimo kimoja. Alipitisha kidole kwenye ukingo. "Aliyekiandika hiki alikuwa na pumzi na mkono uliotulia," akasema.

"Baba watoto," mke akamwambia, "wewe uliiandikia dhahabu nyumba ya kunguni. Ulinisimulia mwenyewe."

Herufi alishalipa siku zote tatu.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Ngazi za mawe zilikuwa zimeliwa katikati na miguu ya watu waliokufa zamani, na hazikuwa na pa kushikia. Dirisha lilitazama ukuta. Mwenye nyumba, mama mmoja mpana mwenye funguo kiunoni, alijua lugha ya mji wa kale tu. Alimweleza Herufi jambo refu kwa utaratibu, na Herufi akaitikia kwa kichwa kila alipotua. Alipoondoka, mke aliketi kitandani, akanyoosha goti.

"Anasema maji hayapandi huku juu. Umekubali mara tatu."

Mke akaomba warudi ile ya kwanza. Herufi akashuka mbio kuulizia. Basi la watalii lilikuwa limeteremsha watu na vyumba vyote vimekwisha. Jioni ile goti lilipanda na kushuka zile ngazi mara tatu, kwa maji na kwa choo. Asubuhi lilikuwa limejaa kama mpira. Mke hakuweza hata kuteremka kitandani. Asubuhi ya kwanza ikapita hivyo, yeye anasikiliza kengele ya saa nne mjini, Herufi anazunguka chumbani akitukana mafundi ujenzi wa karne zilizopita.

Asubuhi ya pili akamtuma mume peke yake, amwambie bibi kwamba anakuja. Herufi akamkuta bibi ameketi mlangoni, amechanwa nywele, kitambaa kipya mabegani. Binti alikuwa ametoka kwenda dukani. Bibi akauliza kitu. Akauliza tena. Ndani ya maneno yale Herufi alitambua moja tu, jina la mkewe la utotoni, na bibi alilirudia akitazama nyuma ya bega la Herufi, kama kwamba mtu amejificha pale.

Akapekua kichwani. Maneno yalikuwamo, tena mengi, na yote ya vibao. Imefungwa. Usiegemee. Njia ya kutokea. Mkono uliyajua, na maana yake aliikumbuka kwa sababu iliandikwa juu yake kwa lugha yake mwenyewe. Mwishowe akapata sentensi moja aliyoiandika labda mara mia kwa ajili ya barabara zinazochimbwa, akaitamka kwa shida, kofia mkononi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Bibi akatazama tena nyuma ya bega lake.

Herufi alirudi akipanda ngazi mbili mbili. Alimshika mke mikono, wakashuka yeye akirudi kinyumenyume, mke ameketi, akijisogeza ngazi moja baada ya nyingine kama mtoto. Mwenye nyumba aliwapisha akinong'ona neno ambalo Herufi hakutafsiriwa.

Walifika saa nne kasoro robo. Bibi alimjua mke. Walishikana nyuso, wakaongea wote wawili kwa pamoja, na katikati ya machozi mke akacheka, kwa mara ya kwanza tangu treni.

"Anasema mume wangu anaongea kama barabara inayochimbwa."

Kengele ya saa nne ilipolia, bibi aliachia mikono taratibu, akauliza kwa adabu hawa wageni ni akina nani.

Binti ndiye aliyeleta shauri, mke akitafsiri. Chumbani kwa bibi kuna kitanda kimoja cha ziada, chini, hakuna ngazi. Dada alale hapo, asubuhi ya mwisho aamke naye. Kwa shemeji labda mkeka ukumbini, ingawa bibi akiona mwanamume asiyemjua mchana hupiga kelele, na humo ndani, ukimtoa dada, hakuna atakayemwelewa shemeji. Au abaki kwake ghorofani.

Herufi alimgeukia mkewe, akamuuliza yeye anataka alale wapi. Mke alikuwa anafungua bendeji, hakuinua kichwa.

"Chagua wewe, baba watoto. Si ndiwe mwenye jicho la kuchagua nyumba?"

Akasimama pale mlangoni na begi lake. Nyumba ya bibi haina kibao chochote cha kumsaidia. Je, ungekuwa wewe, ungelilaza wapi begi hilo?