Laini ya Pili

Juzi, katika ofisi moja ya Malindi, niliona simu ya mezani ikipepesa taa nyekundu, nikaikumbuka ofisi ya baba kule Shangani.

Ilinuka wino na kahawa ya tangawizi. Mchana mmoja wa utotoni nilikaa mezani pake, nikichezea simu yenye vitufe vya laini tatu, kila kimoja na taa yake. Katibu wake, Bi Salma, akachungulia mlangoni.

"Laini ya pili, mama yake huyu Zuhura tena. Tumbo linamkata, anaomba gari."

"Mwache asubiri."

Baba aliendelea kucheka na rafiki yake kwenye laini ya kwanza, wakizungumza mpira. Taa ya pili ikapepesa na kupepesa. Nilidhani mama ananikonyeza, nami nikamkonyeza, mpaka ikazimika.

"Umeona?" baba akaniambia. "Kachoka mwenyewe."

Jioni tulikuta majirani wamejaa nyumbani. Mimba ya mama ilikuwa imetoka. Alilala kauelekea ukuta, chumba kikinuka dawa ya kusafishia.

"Mbona sikuambiwa?" baba alifoka.

Mama hakugeuka. "Niwie radhi," akasema.