Sindano ya Kuzuia Damu Kuganda

Miaka ile ya hali ya hatari tuliishi Ruiru, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Mke wangu alikuwa amejifungua salama mtoto wetu wa kwanza, kisha, kabla mwezi haujaisha, akaanza kuumwa kichwa. Akilala maumivu yalizidi. Akiketi yalipungua kidogo. Dresa, yule msaidizi wa tiba wa shamba, alidhani ni malaria, akampa kwinini. Asubuhi moja mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, kisha mwili mzima. Alipotulia hakuweza kutamka neno.

Lori la shamba lilitufikisha Thika. Hospitalini walishuku kifafa cha mimba, lakini walipompima hawakukuta dalili zake nyingine. Daktari akammulika machoni, akaona uvimbe kwa ndani. Akaniuliza degedege lilianzia wapi. Nikamjibu, mkononi.

Alisema huenda damu imeganda katika mishipa inayoitoa kichwani. Hapo hapakuwa na chombo cha kuthibitisha hilo. Ilikuwepo sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda, lakini ingeweza kumfanya avuje damu kichwani, na damu ya uzazi ilikuwa bado inamtoka.

Mama mkwe, aliyekuja nasi kwa lori, alikuwa amempakata mtoto. Alizungumza na muuguzi, si nami.

"Sisi tunachinja mbuzi ili mzazi aongeze damu. Huyu daktari wenu anataka kuifanya maji?"

"Tusipomchoma, mama, itazidi kuganda."

"Na mkimchoma?"

Muuguzi alinigeukia mimi. Nilikubali, bila kujua kama ninamponya au ninamuua.

Daktari alitaka nguo za mzazi zikaguliwe mara kwa mara, kuona kama damu inaongezeka. Mama mkwe alisema kazi hiyo haachiwi mgeni. Mimi nilingoja uani. Kwetu mtu hazungumzi na mama wa mkewe mambo kama hayo, kwa hiyo alikuwa akija hadi pembe ya jengo, anageukia ukuta na kuuambia, "Ni kama jana." Kisha anarudi ndani.

Siku moja alikawia. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Hatimaye akatokea.

"Amekataa uji. Anasema hauna sukari."

"Amesema, mama? Kwa mdomo?"

"Ulitaka aseme kwa goti?"

Muuguzi alisema sindano zitaendelea, hatari haijapita. Nikatoka kwenda kutafuta sukari, na njia nzima nilitega sikio, nikihofia kuitwa nirudi.