Rupia ndani ya Asali

Mume wangu hakuomba kuwa jumbe. Watu wa boma la Serikali walikuja Nzuguni wakauliza nani hapa husikilizwa, na wenzake wakamsukuma mbele kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na maneno mengi. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Mimi nadhani wenye akili zaidi walijificha nyuma yake, maana jumbe ndiye aliyekusanya kodi ya Wadachi waliotutawala na kutoa watu wa kwenda kazini, na kazi hizo hazimfanyi mtu apendwe na jirani. Lakini sikuwapo, basi nisiseme sana.

Naandika haya nikiwa na shaka na kalamu yangu. Nilisoma kwa wamisionari misimu miwili ya kiangazi tu, na nikisoma maandishi yangu ya siku zile naona mengine niliyaweka kwa hasira. Hapa nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Garimoshi lilipoanza kufika Dodoma, mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Chemba alifungua duka la chumvi na nguo karibu nasi, akanunua ng'ombe wa kupeleka pwani. Alikuwa mtu mpole. Alijifunza kutusalimu kwa Kigogo, na mwaka wa njaa aliuza mtama wake kwa kibaba bila kupandisha bei, wakati wengine walifunga milango. Hilo lazima niliseme kwanza.

Ng'ombe wake walihitaji maji. Kiangazi kwetu maji yako chini ya mchanga wa korongo, na kisima ni cha yule anayekizibua kila mwaka baada ya mafuriko kukifukia. Asipokizibua, amekiacha, na mwingine aweza kukichukua. Kisima kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mjane mmoja. Mfanyabiashara alikwenda kwa akida, mkubwa wa majumbe wote wa upande wetu, akasema kisima kile hakina mwenyewe, kwani mjane hana mwanamume wa kuchimba. Akida akasema atakuja mwenyewe korongoni, na atafuata neno la jumbe.

Jumbe alijua ukweli. Alikuwa amemwona mjane na binti zake wakichimba, wamezama mchangani mpaka kifuani.

Siku chache kabla ya akida kuja, mfanyabiashara alifika kwetu na kibuyu kikubwa cha asali.

"Mbukwa, mama," alimsalimu mama mkwe wangu. "Asali kidogo ya wajukuu."

Mume wangu alikuwa machungani, nami nilikuwa kisimani. Mama mkwe akafanya kama alivyolelewa. Chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Akamimina asali pamoja na masega yake katika chungu, akaosha kibuyu, akakijaza karanga, akakirudisha dukani mwenyewe kabla jua halijageuka. Na kwetu kibuyu kikirudi kimejaa, zawadi imepokewa na urafiki umefungwa.

Kesho yake asubuhi mtoto alikuwa anakohoa. Nikatumbukiza upawa katika chungu, ukagonga kitu. Nikatoa fundo la kitambaa linalochuruzika asali.

"Uchawi!" mama mkwe akapiga kelele. "Usiufungue, wewe msomi! Tupa!"

Mume wangu akalifungua. Zilikuwa rupia, rupia za fedha, zenye kichwa cha mfalme wa Wadachi aliyevaa kofia yenye ndege tai juu yake. Mama mkwe akasogea, akachukua moja, akailamba.

"Uchawi huu ni mtamu," akasema. "Ni ngapi?"

"Msihesabu," mume wangu akatuambia. "Tukijua ni ngapi, tutaanza kuzigawa kichwani."

Hakuna aliyetaja kisima. Hakukuwa na haja. Alichotakiwa ni kusema "sikuona nani alichimba", maneno machache tu, na kodi ya nyumba yetu ilikuwa bado, na ukame ulikuwa umetuachia ng'ombe wachache. Sisemi hakushawishika. Alijifuta asali vidoleni kwa muda mrefu kuliko asali yenyewe ilivyohitaji.

"Mpelekee akida," nikasema.

"Akida atamchapa viboko, halafu rupia zitalala kwake. Sitaki mtu achapwe kwa mkono wangu."

"Basi zirudishe dukani kimya kimya."

"Na atakayeniona natoka dukani na fundo la fedha atasema nini? Halafu mwenye duka ataniuliza, rupia gani? Nilileta asali, nikapewa karanga. Yamekwisha, mama yako amenifanya rafiki."

Mama mkwe alikasirika. Alidhani analaumiwa, na kweli tulikuwa tunamlaumu kidogo, ingawa alifanya yaliyo haki.

"Ngoja, ngoja! Mimi nililipa asali. Karanga zangu ziliona asali, hazikuona fedha. Hizo rupia hakuna aliyezijibu hapa!"

Mume wangu akamtazama, kisha akacheka. "Mama, leo ungefaa kuwa jumbe wewe."

"Mimi? Nikusanye kodi? Nina haya."

Siku ya shauri watu walikaa ukingoni mwa korongo, akida juu ya kiti alichobebewa, mjane chini na binti zake. Kabla hajaulizwa neno, mume wangu akasimama na fundo mkononi.

"Bwana akida, jirani yangu alituletea asali. Mama alimrudishia karanga, sisi na yeye hatudaiani. Lakini kuna kitambaa chake kilisahaulika ndani. Nakirudisha mbele ya macho ya watu."

Akalifungua. Watu wakaguna.

Mfanyabiashara alipauka uso. "Si changu hicho," akasema. "Mimi nilileta asali tu."

"Aa," akida akasema, akiinuka kitini kabla ya mtu kupumua. "Kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Lete hapa."

"Ni changu!" mfanyabiashara akaruka. "Bwana akida, nimekumbuka, ni changu!"

Korongo lote lilicheka. Mjane alicheka mpaka akajifunika uso kwa nguo. Hata mfanyabiashara mwenyewe, huku akipokea fundo lake, mdomo ulimcheza kwa kicheko. Mume wangu peke yake hakucheka. Akasema, "Sasa neno langu. Mama huyu na binti zake nimewaona kwa macho yangu wakizibua kisima hiki, mwaka huu na mwaka uliopita." Akida alikunja uso, rupia zimempita karibu hivyo, lakini alikuwa amekwisha kusema atafuata neno la jumbe, na watu walikuwa wengi. Kisima kikabaki kwa mjane.

Baadaye nilimwuliza mume wangu, je, kama mwaka ungekuwa mgumu zaidi, na mimi na mama yake tusingekuwapo kuona, angezirudisha zile rupia? Akajibu, "Sijui." Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa siku ile ya korongoni. Mimi pia sijui. Ila tangu hapo, mtu aliyekuja kwetu na zawadi aliibeba katika ungo, wazi, na wengine walianza kuutikisa ungo mlangoni kwa mzaha ili tuone hakuna kilichojificha.

Siku ile ya shauri, watu walipotawanyika, mfanyabiashara alimfuata mume wangu.

"Jumbe, umeniaibisha."

"Ningetaka kukuaibisha ningeuliza kitambaa kiliogeleaje ndani ya asali."

Akainamisha kichwa. "Na ng'ombe wangu watakunywa wapi?"

"Mbona unaniuliza mimi? Mwenye kisima yule pale."

Nilidhani ataona aibu aende zake. Alishuka mchangani, akavua viatu, akamwamkia mjane kwa adabu.

"Leo umeniona?" mjane akasema. "Juzi hapa hapakuwa na mwenyewe."

"Leo nimekuona, mama."

Walibishana mpaka vivuli vikarefuka. Wakapatana hivi: wachungaji wake wachimbe badala ya wale binti, na ng'ombe wanywe baada ya mbuzi wa mjane kushiba. Kesho yake wachungaji walikuwa shimoni, mchanga ukiruka juu, na mjane amesimama ukingoni mikono kiunoni, akiwaelekeza, "Nendeni kulia, wanangu, kulia! Kushoto kuna jiwe, mtanivunjia majembe."